Sifa za Seva Iliyopangisha Kila Mtu

Wapo wanaosifu bahari, wapo wanaosifu wali wa nazi. Mimi naisifu seva moja yenye RAM ya GB 4, ambamo wanaishi pamoja PHP mbili, Python mbili, Perl, Node.js, MySQL, MariaDB, PostgreSQL, na MongoDB iliyoletwa na kijana wa mafunzo kwa vitendo. Kijana alimaliza miezi yake mitatu akaondoka. MongoDB ikabaki. Msiseme naivika kilemba cha ukoka. Ada za wanangu zinatoka humo humo.

Aliyekulia nyumba ya kupanga, vyumba sita na mita moja ya LUKU, haoni ajabu yoyote hapa. Umeme ukikata, kila mpangaji anaapa kwamba hana hata pasi. RAM ndiyo LUKU yetu. MySQL, ukiiacha kama ilivyokuja, hujitengea MB 128 za kuweka data zake karibu. PostgreSQL nayo ina MB 128 zake, tena kila anayeunganishwa nayo humfungulia mchakato wa peke yake, kama mama mwenye nyumba anayempa kila mgeni sahani yake. Kila mmoja anaishi akijua kwamba nyumba nzima ni yake.

RAM ikiisha hakuna kikao cha wapangaji. Kiini cha Linux huangalia nani mnene zaidi, kikamuua papo hapo. Istaajabieni haki hii! Chokochoko kaanza Python na ripoti yake ya mwisho wa mwezi, lakini mwenye mwili mkubwa ni MySQL, basi anachinjwa yeye, na tovuti tisa zinamfuata kaburini. Saa nane usiku simu inaita: "Fundi, mfumo umekufa." Nakaa kitandani na kompyuta mapajani, naandika dmesg, nasoma kwamba mysqld ameuawa, pamoja na kilobaiti alizokuwa nazo mkononi. Tanzia fupi, haina hata neno moja la kumpamba marehemu. Mke wangu siku hizi haamki tena, anageukia ukutani.

Na elimu je? Wengine hulipa kiingilio kuona vitu vya kale. Mimi ninayo Perl, ambayo Larry Wall aliitoa 1987. Ninayo Python 2, ambayo wenyewe waliiaga rasmi tarehe 1 Januari 2020, na kwangu inaamka kila alfajiri kwenda kazini. Ninayo PHP 5.6, ambayo haijapata matengenezo tangu mwisho wa 2018. Hii ni ya mzee mmoja muuza vipuri. Mfumo wake wa mauzo huita mysql_connect kila ukurasa, na amri hiyo iliondolewa PHP 7 ilipotoka mwaka 2015. Nilimweleza kwamba lazima tuandike upya. Akaniuliza, "Kwani programu inaota kutu?" Sikuwa na jibu, na sina mpaka leo. Tukamwekea PHP yake chumba cha uani.

Utamu zaidi uko kwa dada wawili. Michael Widenius wa Ufini aliipa MySQL jina la bintiye, My. Mwaka 2008 MySQL ikauzwa kwa Sun, na 2010 Sun yenyewe ikamezwa na Oracle. Baba alikuwa keshaanza, 2009, kulea nakala huru, naye akaipa jina la binti mdogo, Maria: ndiyo MariaDB. Siku niliyowaweka wote wawili nyumba moja, wote waliitaka poti 3306. Nilimhamishia mdogo 3307, na tangu hapo kila programu mpya inayonijia inabisha hodi kwa dada asiye wake, inafukuzwa, halafu lawama kwangu. PostgreSQL yuko 5432, kimya, anasikiliza ugomvi wa watu.

Tena seva hii ina busara ya kumstahi mtu. Kwenye MySQL, majedwali ya zamani yanatumia utf8 yenye kikomo cha baiti tatu kwa herufi, na vile vijiuso vya kwenye simu vinahitaji nne. Mteja mmoja aliandika, "Mzigo umefika," akaweka uso unaocheka hadi machozi, akaendelea, "lakini umevunjika wote." Hifadhidata ilifika kwenye ule uso ikakata hapo hapo. Kilichobaki ni: Mzigo umefika. Meneja alisoma maoni ya mwezi ule akafurahi sana. Dawa yake naijua, utf8mb4, lakini nilimtazama meneja usoni nikaona nisiharibu.

Wenzetu hunicheka. Wao kila programu wanaifungia kwenye kontena lake. Mimi nikisikia kontena nakumbuka bandari na ushuru. Wanasema pia kwamba mwizi akipenya kupitia Perl atakuwa ameingia vyumba vyote. Ni kweli. Lakini hawasemi atakavyopata taabu huko ndani kujua PHP ipi inaongea na hifadhidata ipi, kwa pasiwedi ya nani. Mimi mwenyewe huchukua asubuhi nzima. Ndiyo sababu hakuna bosi aliyewahi kuthubutu kunifukuza.

Wiki ijayo naenda Tanga, siku nne. Wewe utakayenishikia zamu, pasiwedi nimeiandika nyuma ya kalenda. Tovuti ikiganda, subiri. Ikiendelea kuganda, nipigie. Ila tafadhali usije ukaizima seva ukaiwasha upya: haijazimwa tangu Ramadhani ya mwaka juzi, na kati ya wapangaji wote hao sikumbuki tena nani anapaswa kuamka kwanza.