Vitumbua vya Baba Zuhura

Mwanamume wa Njombe akioa Tanga ana mengi ya kuzoea: joto, mbu, wali wa nazi hata siku isiyo na shughuli, na mama mkwe ambaye hapaswi kumzoea. Mume wangu hayo yote aliyamudu. Balaa lilianza alipotaka ujuzi wa mama mkwe bila ya kumuuliza.

Mama alikuja kutoka Pangani kupumzika. Kupumzika kwake ni kuamka alfajiri, kuwasha jiko la mkaa uani na kuchoma vitumbua. Mkwe hasogelei jiko mama mkwe akiwa kazini na kanga yake kiunoni, hilo hata Njombe wanalijua, basi Baba Zuhura akajiweka barazani na gazeti, mlango wa uani wazi. Gazeti halikufunuliwa ukurasa. Aliona upawa ukimimina, kijiti kikizungushwa pembeni mwa kishimo, kitumbua kikigeuka kwa mguso mmoja tu. Mama alipoondoka, akanunua chuma kipya cha vitumbua na kutangaza kwamba chai ya Jumapili ni juu yake. Nilitaka kusema neno.

"Mama Zuhura, niache. Nimeona kila kitu."

Mwanzo wa kazi hakuuona. Mchele ulikuwa umelowekwa tangu jana yake jioni, wakati yeye anatazama taarifa ya habari.

Akaanza na unga wa mchele wa dukani, maji na hamira. Unga ule ukazama chini ya bakuli, juu yakabaki maji meupe. Akakoroga, akamimina, akazungusha kijiti kwa madaha yaleyale ya mama, upande mmoja tena na tena. Kitu hakikutoka. Chuma kipya kinataka kwanza kichomwe na mafuta mara kadhaa mpaka kiwe cheusi na laini ndipo kiachie, na hiki kilikuwa bado kinang'aa. Tulikula vilivyong'olewa kwa bisibisi. Zuhura alikiweka chake chini ya mguu wa meza inayoyumba, na meza ikatulia.

Akabadilisha: sasa mchele wenyewe, umelowekwa muda wa kuoga na kunyoa ndevu. Blenda ya jirani ikalia, ikanuka moshi, ikatoa chenga. Punje isiyolainika kwa maji haisagiki ikawa laini, na mchele hauna ule utando wa ngano unaokamata hewa. Rojo likiwa na chenga, hewa ya hamira inatoka tu. Na hamira yenyewe aliiua. Alichemsha tui, akalimwaga humo likiwa la moto, kwa imani kwamba joto huamsha. Uvuguvugu ndio huamsha. Tui linalochemka huua. Vikatoka bapa. Blenda tuliilipa.

Baada ya hapo akawa mtu wa utaratibu. Mchele ukalala majini usiku kucha, blenda ikapumzishwa katikati ya kazi, tui likapoa, iliki ikatwangwa. Nyumba ikanukia vizuri, hata mimi nikaanza kuamini. Ila saa alizohesabu ni za kwao, kwenye baridi, ambako kitu kikiwekewa hamira watu huenda shamba wakarudi. Tanga mchana wa Februari haungoji mtu. Tuliporudi kutoka msibani, rojo lilikuwa limeinua kifuniko, limeshuka kabatini na kufika kwenye viatu vyake vya kanisani. Lililobaki lilikuwa chachu ya kukunja uso. Alilichoma hivyo hivyo, akala peke yake, akisema lina ladha ya pekee.

Zuhura ndiye aliyempigia bibi yake simu. Mama alicheka mpaka akakohoa. Kisha, kwa vile aliona haya kumwambia mkwewe moja kwa moja, akamtuma mtoto: "Mwambie baba yako, ule wali nilikuwa siuli."

Maana Baba Zuhura alimwona akichota wali wa kiporo kiganja kizima kila akisaga, akadhani mama wa watu ana njaa. Wali ule huenda kwenye blenda pamoja na mchele. Ndio unaolipa rojo uzito na kufanya kitumbua kiwe laini ndani. Alikaa kimya dakika nzima, halafu akauliza kama kuna kiporo.

Mama alipokuja tena alimkuta yeye ndiye yuko uani, chuma kimeshakuwa cheusi, shati limelowa. Alikunja kanga, akaketi mbali kidogo kama adabu inavyotaka, akapokea sahani. Akapasua kimoja, akakigeuza kwenye mwanga kutazama vitundu vya ndani, akala. Akala cha pili.

"Baba Zuhura."

"Naam, mama."

"Leo umesahau chumvi."

"Nisamehe, mama. Nitaongeza."

Akaingia ndani mbio, akanishika bega, sauti chini lakini jirani wa blenda aliisikia: "Umemsikia? Chumvi tu! Amesema chumvi tu!"