Shikamoo, Tumbo la Bosi

Wapo waliosifiwa kwa haki yao. Shaaban Robert aliandika wasifu wa Siti binti Saad, na hakuna aliyemuuliza kwa nini. Hata nzi alipata mtetezi: Lucian, aliyeandika kwa Kigiriki katika karne ya pili, alimtungia sifa kedekede. Naye Erasmus akausifu upumbavu katika kitabu kilichochapwa mwaka 1511. Nimengoja sana atokee wa kulisemea tumbo la mtoto wa mbwa linaloharisha, lakini wenye kalamu wote wameziba pua. Basi kazi hii naichukua mimi, tambara mkono huu, ndoo ya deki mkono ule.

Bosi hajafika kilo tatu. Ukimpima vizuri, kilo mbili katika hizo ni tumbo. Kilichobaki ni masikio na mkia wa kutikisa. Jioni akishashiba, tumbo hukaza kama ngoma iliyoanikwa juani, na ukilitegea sikio utasikia humo ndani kuna kikao kinaendelea na wajumbe hawaelewani. Mwenyewe hana habari. Anatafuna kamba ya kiatu.

Sifa kuu ya tumbo hili ni ukweli. Nyumba yetu ya hapa Arusha ni ya watu wema, wacha Mungu, lakini likija suala la nani kampa mbwa nini, hakuna hata mmoja wa kuaminika. Siku ya kumpeleka kwa daktari wa mifugo tulikwenda ujumbe mzima: mama Neema, Neema mwenyewe, bibi yake, na mimi mbeba kikapu. Daktari akamwamkia bibi, akamweka Bosi mezani, akauliza swali moja.

"Anakula nini?"

"Chakula cha mbwa cha dukani," mama Neema akajibu. "Basi. Hakuna kingine."

Tumbo likaomba nafasi ya kuchangia. Palepale juu ya meza likatoa maelezo yake: punje za mahindi nzimanzima, vichwa vya dagaa, na kipande cha nailoni ya bluu. Daktari akavaa glavu, akachukua kijiti, akapekua taratibu, hana haraka.

"Hicho chakula cha dukani siku hizi kina dagaa?"

Sote tukamgeukia bibi. Bibi akawa anasoma kalenda ya ukutani.

"Na maziwa je, bibi?"

"Kidogo tu, baba. Kikombe. Kwani huyu si mtoto?"

"Ni mtoto, bibi, ila si ndama."

Akatueleza. Maziwa ya ng'ombe yana sukari nyingi kuliko maziwa ya mbwa, na mtoto wa mbwa akishaachishwa kunyonya, uwezo wake wa kuivunja sukari hiyo unazidi kupungua. Ile isiyomeng'enywa huvuta maji ndani ya utumbo, bakteria wanaichachusha, na yanayofuata ndiyo yale yaliyokuwa mezani mbele yetu. Neema akakiri biskuti kabla hajaulizwa. Dada wa kazi alikuwa amebaki nyumbani, lakini punje za makande zilishamtaja kwa jina. Kuhusu nailoni, Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu Juni 2019. Masalia yaliyofukiwa bustanini kwetu yanaendelea kukusanywa na Bosi, bila posho. Naifahamu familia hii vizuri. Sijapata kuisikia ikisema kweli mfululizo namna ile.

Tumbo hili pia ni mwalimu, na halina ada. Limetufundisha kwamba mtoto wa mbwa anaweza kuzaliwa na minyoo yake tayari. Lava wa minyoo hujificha mwilini mwa mama, hupita kwenye kondo la nyuma na kuwaingia watoto wangali tumboni, na wengine huwafuata kwenye maziwa. Ndiyo maana dawa ya minyoo huanza mtoto akiwa na wiki mbili tu, kisha hurudiwa kila baada ya wiki mbili. Aliyetuuzia Bosi alituapia kwamba "keshapewa kila kitu". Tumbo likasema vingine, tena kwa ushahidi uliokuwa bado unajinyonganyonga. Na kwa kuwa mayai ya minyoo hiyo hukaa kwenye udongo na yakimezwa na mtoto wa binadamu yanaweza kumdhuru, Neema sasa ananawa kwa sabuni kabla ya kugusa chakula. Mimi nimelihubiri jambo hilo tangu ajue kutembea. Bosi kalimaliza kwa mnyoo mmoja.

Dawa ya minyoo ikapita, kuharisha kukabaki. Hapo ndipo nilipoanza kuliheshimu kweli, kwani tumbo lenye hadhi yake halikubali kueleweka mara moja. Daktari akataka choo cha siku tatu, kwa sababu kimelea kiitwacho giadia hakitoki kila siku. Leo kipo kwenye sampuli, kesho hakionekani. Mimi, baba mwenye familia, nikawa napita mtaani asubuhi na kikopo ndani ya bahasha ya kaki, nikiwaamkia wazee wa kanisa kwa mkono wa pili. Wawili waliniuliza kama ile barua ni ya harusi. Nikawaambia bado maandalizi.

Vimelea vilipopatikana, daktari aliniita nichungulie kwenye hadubini. Ndani ya tone la maji ya chumvi kulikuwa na vitu vidogo vyenye vijimkia, vinayumba huku na huku, vimeshughulika hasa. Kumbe ni hao waliokuwa wananiamsha usiku! Bosi akapewa dawa ya siku tano, na mimi nikapewa adhabu ya kumwogesha, kwa kuwa vimelea hivyo hubaki kwenye manyoya ya makalio, mbwa akijilamba anavirudisha ndani na safari inaanza upya. Na choo kiokotwe papo hapo, kisilale uani.

Usifikiri tumbo hili linawanufaisha wa nyumbani tu. Limeugeuza mtaa mzima kuwa hospitali ya rufaa. Jirani wa kushoto alileta majani ya mpera. Jirani wa kulia akashauri mkaa uliosagwa. Fundi aliyekuja kutengeneza bomba, kwa ukarimu wake, akatoa mfukoni nusu kidonge cha Flagyl alichobakiza mwenyewe, na shemeji akapiga simu kutoka Moshi kuagiza panado. Daktari alipoorodheshewa haya alivua miwani. Panado inaweza kumharibu mbwa ini, alisema, na dawa ya mtu mzima wa kilo sabini haikatwi kwa macho ili imtoshe mbwa wa kilo mbili na ushee. Vidonge vya kufunga tumbo navyo tusijaribu bila yeye, maana penye maambukizi uchafu unatakiwa utoke. Na aliyeshauri tumfungishe siku nzima hakumjua mbwa: mtoto mdogo kiasi hiki akikosa chakula kwa muda mrefu, sukari ya damu huporomoka, akalegea na hata kuanza kutetemeka. Majani ya mpera tulimrudishia mwenyewe kwa shukrani.

Alichoagiza ni wali uliopikwa ukalainika, na nyama ya kuku ya kuchemsha, haina ngozi, haina mifupa, haina chumvi, na zaidi ya yote haina kitunguu, kwa sababu kitunguu huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Kidogo kidogo, mara nne kwa siku. Kisha kurudi kwenye chakula chake kwa kuchanganya, robo, nusu, robo tatu, kwa muda wa wiki moja hivi. Kwa hiyo katikati ya mwezi, wakati sisi tuko kwenye maharage, kidari cha kuku kilikuwa kinachambuliwa kwa vidole na bibi na kupelekwa barazani kwenye sahani. Siku moja nilimkuta Neema akiuliza kama naye akiharisha atapata.

Msifu lazima ajue pa kunyamazia. Liko tumbo nisiloweza kulisifu, nalo ni la parvo, ugonjwa wa virusi uliojitokeza mwaka 1978 na kuenea duniani kwa muda mfupi mno. Nikiona damu kwenye choo, au Bosi anatapika hovyo na kugomea chakula, ufizi umepauka, au ngozi ya shingo nikiivuta inachelewa kurudi mahali pake, hapo sitafuti sifa, natafuta bodaboda. Mtoto mdogo hukaukiwa na maji kwa saa chache tu. Dawa ya kuviua virusi hivyo haijazoeleka kwenye zahanati zetu; kinachookoa ni dripu, uangalizi, na kuwahi. Tena vinaweza kuishi kwenye udongo hadi mwaka na zaidi, na sabuni ya kawaida havioni kitu, vinataka klorini. Ndiyo maana chanjo huanza wiki ya sita hadi ya nane na kurudiwa mpaka wiki ya kumi na sita. Bosi zake zinakwenda vizuri, nimezibandika kadi ukutani karibu na zile za kliniki za Neema.

Turudi kwa tumbo letu. Lina nidhamu ya saa ambayo sijaiona ofisi yoyote. Saa tisa usiku, mwezi wa Julai, Arusha ikiwa baridi ya kukata masikio, linaita mara moja tu, kwa sauti ya chini. Ukichelewa kutafuta ndala, limeshamaliza bila wewe. Nimesimama pale uani nimejifunga blanketi, tochi ya simu mkononi, nikimulika nyasi kwa makini ya mpelelezi: rangi, uzito, kamasi ipo au haipo. Mke wangu akiamka haulizi kama nimepata usingizi. Anauliza, "Imeshikana?"

Jumapili iliyopita ilishikana. Ilikuwa ya kahawia, imara, ina mwanzo na mwisho. Bibi alitoka nje kuiona kwa macho yake, akasema Mungu ni mwema. Mama Neema akaipiga picha, akaituma kwa daktari, na kwa furaha akaituma pia kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, bila neno la maelezo, saa saba mchana. Shangazi wawili wakajibu amina. Mjomba, aliyekuwa mezani anakula, akajitoa kwenye kundi.