Maombi ya Kuajiriwa kwa Afisa Mridhikaji

Mkuu wa Idara ya Madai,
Kampuni ya Bima (jina limehifadhiwa, wenye mafaili mezani kwake wanalijua),
Dar es Salaam.

YAH: MTU WA KURIDHIKA KWA NIABA YA WATEJA

Tafadhali husika na kichwa cha barua hapo juu.

Mwombaji ni mkazi wa Tabata, mwenye gari aina ya Toyota IST na bima kubwa iliyolipwa yote kwa mkupuo. Stika yake inasoma vizuri kwenye mfumo wa TIRA. Hilo anatanguliza kulisema ili kuokoa muda, maana ndilo swali la kwanza ambalo Idara humuuliza kila aliyegongwa, tena kwa sauti ya mtu anayeomba Mungu jibu liwe hapana.

Lori la mchanga lilirudi nyuma kwenye foleni ya Barabara ya Mandela, likapumzika juu ya pembe ya mbele kushoto ya gari lake. Ikaenda bampa, ikaenda taa, fenda, rejeta, na kitu kingine huko chini ya tairi ambacho hadi leo kila fundi anakiita kivyake. Trafiki wakapima, PF 90 na nduguze zikapatikana kwa muda wake, mthamini akapiga picha. Gereji ikatoa profoma, Idara ikaikata. Ikatolewa nyingine, nayo ikakatwa. Kwa hayo mwombaji hana kinyongo; kila mwenye gari mjini hapa ameyapitia au anasubiri zamu yake.

Kilichomleta ni karatasi moja tu.

Siku ya kuchukua gari, ufunguo ukiwa juu ya meza, alisogezewa hati ya kuridhika. Imeandikwa kwamba mwenye gari amelikagua gari lake, ameridhika na matengenezo, na hana dai lolote sasa wala baadaye. Gari lenyewe lilikuwa limezibwa kwa nyuma na mengine, halionekani ila paa. Akaomba alijaribu kwanza, walau hadi getini na kurudi. Kijana wa mapokezi, mwenye adabu zake zote, akamjibu: "Dada, ufunguo unatoka ukishasaini. Ndiyo utaratibu wa bima."

Akasaini. Nani hasaini? Mtu ameshapanda bodaboda kwenda kazini mpaka suruali zote zina alama ya ekzosi.

Gari linavuta kushoto. Aliporudi gereji kulisema hilo, fundi alimsikiliza kwa huruma, kisha akamwambia, "Halivuti, dada yangu. Barabara ndiyo imelala." Ni kweli barabara huinamishwa kidogo pembeni ili maji ya mvua yaelekee mtaroni, na mwombaji anamshukuru fundi kwa somo hilo. Ila gari linavuta kushoto hata kwenye uwanja wa simenti wa shule ya msingi, ambao haujawahi kulala popote, na tairi la mbele kushoto limeanza kulika upande wa ndani.

Kuhusu taa kubwa ya kushoto, Idara itakumbuka kwamba ilikata fedha ya uchakavu. Hoja ilikuwa safi: bima ipo ili kumrudisha mteja pale alipokuwa kabla ya ajali, haipo kumtajirisha, na taa mpya kwenye gari kuukuu ni utajiri. Mteja akachangia tofauti hiyo kutoka mfukoni. Kisha ikafungwa taa ya mtumba, yenye namba za gari la mtu mwingine zilizochongwa ubavuni. Kama mwenye namba hizo anasoma barua hii, taa yake ipo Tabata, ni nzima, inaingiza maji kidogo tu.

Halafu kuna tepu.

Magari ya aina hii yakiwashwa, taa ndogo ya mifuko ya hewa huwaka kwa sekunde chache kwenye dashibodi, kisha huzima. Mfumo unajikagua. Ikibaki inawaka, kuna hitilafu, na siku ya ajali mifuko huenda isifunguke. Kwenye gari la mwombaji taa hiyo haiwaki hata kidogo. Fundi wa mtaani alipofungua kioo cha dashibodi alikuta kipande cha tepu nyeusi ya umeme, kidogo kama ukucha wa mtoto, kimekatwa kwa mkasi, pembe zake nne zimenyooka, kimebandikwa sawasawa juu ya taa ile. Chini ya tepu, taa inawaka. Katika matengenezo yote, hakuna sehemu iliyofanyiwa kazi kwa umakini kama hiyo.

Mtu alikaa chini akakata kile kipande. Akakipima. Alijua kwamba sensa ya mbele ya mifuko hiyo imo kwenye profoma, imelipiwa, na haikununuliwa. Alijua kwamba lori likirudi nyuma tena, uso wa mwanamke huyu utakutana na usukani bila kitu katikati, na watoto wake wako kiti cha nyuma wanaangalia. Akaona kasoro ni ule mwanga. Na Idara, ilipoletewa picha ya tepu hiyo, ilijibu kwa sentensi moja: "Kumbukumbu zinaonesha mteja aliridhika."

Mwombaji anaomba radhi kwa kupandisha sauti. Anarudi kwenye maombi.

Kwa kuwa kuridhika ni jambo la lazima, na kwa kuwa wateja wameonesha mara nyingi kwamba hawaliwezi, anaomba kampuni iajiri Afisa Mridhikaji. Awe mwajiriwa wa kudumu, mwenye dawati, feni na mhuri wake. Sifa: kidato cha nne, mwandiko mzuri, moyo mweupe. Asiwe na gari. Asiwe mtu wa kutofautisha nyeupe ya mlango na nyeupe ya fenda, hasa saa sita mchana. Usaili ufanyike ndani ya gari lililotoka gereji asubuhi hiyo, kutoka Tabata Dampo hadi Buguruni, huku dashibodi inagonga. Akiulizwa anasikia nini, mwenye kujibu "nati" arudishwe nyumbani kwa nauli yake. Mwenye kujibu "sisikii kitu" aende hatua ya pili. Huko ataoneshwa boneti lisilofunga, na atazamwe usoni.

Akishaajiriwa, kazi yake ni nyepesi. Gari likimaliza kupigwa rangi, hata kabla halijakauka, analizunguka mara moja, anasema "Alhamdulillahi", anasaini. Mteja anabaki huru kutoridhika nyumbani kwake kwa wakati wake. Mikoani wawekwe Waridhikaji wa Kanda, Mwanza, Arusha na Mbeya, na Afisa akienda likizo asikose Kaimu, maana foleni ya kutoridhika haisubiri. Mshahara utoke kwenye zile fedha za uchakavu, ambazo bila shaka zipo mahali. Siku ya kustaafu kampuni imzawadie gari lililotengenezwa na gereji hiyo hiyo, alisainie kwanza, ndipo apewe ufunguo.

Maombi mengine ni madogo. Wakala aliyeuza bima hii, ambaye kabla ya malipo alimwita mwombaji "dada yangu wa damu", apatikane. Ndugu wana wasiwasi. Gereji iambiwe bampa hufungwa kwa klipu, si kwa waya wa kufungia nondo.

Na mwakani, wakati wa kulipa ile asilimia 3.5 ya thamani ya gari, na VAT juu yake, mwombaji anaomba utaratibu uwe mmoja kwa wote. Atafika na bahasha iliyofungwa. Kampuni itasaini kwamba imehesabu fedha, imeridhika nazo, na haina dai lolote sasa wala baadaye. Kisha bahasha itafunguliwa.

Kama hilo ni gumu, atahamia bima ndogo, ile ambayo miaka mingi imekuwa shilingi 118,000 pamoja na kodi. Hiyo haimwahidi kumtengenezea gari lake, na ahadi hiyo huitimiza kikamilifu.

Majibu yatumwe kwa ujumbe wa maandishi. Simu hataweza kupokea akiwa njiani, kwa sababu mikono yote miwili inatumika kulizuia gari lisiende mtaroni.

Nakala:
Kamishna wa Bima, kwa taarifa.
Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ajiandae. Faili linakuja na picha.
Gereji, pamoja na kipande cha tepu.