Usimpe Mzee Gobole

Ikiwa umepanda Lushoto mwezi wa Julai na mfuko wa dadu za pande 20, na wenyeji wamekubali kuketi nawe mezani kwa sababu baridi imewafukuza barazani, jihadhari. Michezo ya kuigiza wahusika, Dungeons & Dragons na jamaa zake, haina ubaya wowote mpaka msimulizi aanze kutunga silaha za kienyeji. Na utatunga tu. Nani aje hadi Usambara abaki na panga za mashujaa wa Ulaya?

Hesabu kwanza, ili ukiharibu uharibu kwa kujua. Katika toleo la tano la mchezo huo, deraya ya ngozi huanzia kinga 11, na deraya kamili ya chuma ni 18. Mshambuliaji hurusha dadu ya pande 20, huongeza nyongeza yake na lazima aifikie kinga: mwenye nyongeza ya 5 humpata mvaa ngozi mara 15 kati ya 20, mvaa chuma mara 8. Sasa utaombwa hirizi “ya kuongeza moja tu”. Kwa mvaa ngozi, moja hiyo inashusha mapigo kutoka 15 hadi 14, wala hataisikia. Kwa yule aliyekwisha kujifunga chuma, ngao na dawa za waganga watatu hadi anapatwa mara 4 tu, moja hiyohiyo inamwondolea robo nzima ya mapigo. Hirizi mpe mnyonge. Mwenye chuma mpe mlima.

Mlima wenyewe, ndiyo. Kutoka Mazinde bondeni hadi ukingo wa Irente ni karibu mita 1,000 za kupanda, na deraya kamili kitabuni ina uzito wa karibu kilo 30. Mwache apande. Atakayemkuta juu hatahitaji mshale.

Hatari yenyewe ni gobole. Atakayeliomba atakuwa mtu mzima, na ataliomba kwa upole: “Mwanangu, mimi nipe gobole tu, mengine wape vijana.” Huwezi kumkatalia mzee mbele za watu. Utampa dadu ya pande 12, wastani wa dhara 6.5, kisha utajiona mjanja kwa kumtoza raundi mbili za kushindilia baruti. Gawanya kwa raundi tatu: 2.2. Rungu la pande 4 linatoa 2.5! Utalala usingizi mnono ukijua kwamba umempa mzee silaha dhaifu kuliko kipande cha mti.

Jioni ya pili kila mchezaji atakuja na gobole. Watafyatua kwa pamoja, maadui wataanguka, na hakuna atakayeshindilia chochote kwa sababu hakuna aliyebaki wa kupigwa. Wastani ni kwa pigano refu, na mwenye magobole kumi hapigani pigano refu.

Haya si mageni huku. Mwaka 1974 jimbo la Wisconsin, Marekani, lilitoa vitu viwili: Dungeons & Dragons kutoka mji wa Lake Geneva, na kitabu The Shambaa Kingdom cha Steven Feierman kutoka chuo kikuu cha jimbo hilo. Msimulizi wa Lushoto anavihitaji vyote viwili, na cha pili zaidi. Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Wasambaa, alitawala kutoka Vuga, juu, akiogopwa kwa mamlaka yake juu ya mvua. Bunduki alikuwa nazo: Richard Burton, aliyefika Vuga mwaka 1857, aliandika kwamba mfalme aliwaita walinzi wake wenye bunduki Waingereza. Lakini mwanawe Semboja alikaa Mazinde, chini, kwenye njia ya misafara. Kimweri alifariki mwaka 1862. Haikupita miaka kumi, Vuga ikachomwa moto, naye Shekulwavu, mjukuu aliyerithi kiti, akamkimbia Semboja. Gobole la Semboja halikuwa na dadu kubwa kuliko la mwingine. Yeye alikaa karibu na duka.

Kwa hiyo iache dadu ya pande 12 kama ilivyo, usawazishe njia ya baruti. Nani anaileta, anapitia wapi, anamlipa nani akifika Mazinde. Na bei iandike kwa ukweli. Silaha zile zililipiwa pembe za ndovu, na zililipiwa watu. Ukiandika “vipande 50 vya dhahabu” umedanganya, tena umewadanganya wajukuu wa waliouzwa na wajukuu wa waliouza, wameketi meza moja.

Hapo kijana mtulivu pembeni ataomba mvua. Mpe. Baruti ikilowa, gobole la mzee ni gongo, na mezani patakuwa na kicheko utakachokumbuka. Ila mvua nayo iwe na gharama. Wasambaa walijua kwamba mwenye uwezo wa kuiponya nchi ndiye huyohuyo mwenye uwezo wa kuiharibu, na kwamba wakuu wawili wakishindana kwa nguvu hizo, njaa huingia. Basi anayeileta mvua apoteze zamu moja. Anayeizuia, kila aliyepo mezani apunguziwe uhai, kuanzia yeye mwenyewe, maana migomba yake haina mbingu ya peke yake.

Bado silaha moja, na hii hakuna kitabu cha kanuni kinachoipangia dadu. Mbegha, mwindaji kutoka Nguu ambaye habari zake ziliandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi el-Ajjemy katika Habari za Wakilindi, alikuwa na mikuki na mbwa, naam. Lakini Usambara aliipata kwa kuua nguruwe walioharibu mashamba na kuwagawia watu nyama, hadi wakamwomba atawale. Mchezaji akikwambia mhusika wake hana silaha, ana nyama tu, usimcheke. Andika kwenye karatasi yake: nyama, dhara 0. Kisha waandae wale wenye magobole kumpelekea kodi.