Maabara Tumeiona, Brashi Iko Wapi?

Mzazi mwenye kijana anayechora hata nyuma ya daftari la hesabu, na matokeo ya kidato cha nne ni daraja la tatu la jasho lake mwenyewe, akatafute shule binafsi ya kidato cha tano aone. Vipeperushi vyote ni pacha: mtoto kavaa koti jeupe, kashika chupa ya kemikali, anatabasamu kama kagundua dawa.

Ukiuliza sanaa, mwalimu wa usajili anajibu upesi: "Ipo, mzee! Tuna HGL na HKL." Historia na wenzake.

"Na kuchora?"

"Hicho ni kipaji, mzee. Jumamosi jioni, baada ya usafi."

Fomu ya kujiunga nayo haina haya: fyekeo, ndoo, jembe lenye mpini, rimu mbili za karatasi. Usidhani rimu ni za kuchorea. Ni za mitihani ya majaribio, ya kila wiki.

Na wastani wa kijana wako ndio usiutaje, maana shule bado zinawania sifa. Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora mwaka 2023, ila mabango ya barabarani bado hayajapata habari. Mtoto wa wastani hupokewa kwa bashasha siku ya ada, akaitwa mzigo siku ya mchujo.

Mzazi, kabla hujalipa, achana na idadi ya daraja la kwanza. Uliza walioingia kidato cha tano walikuwa wangapi, na waliofika chumba cha mtihani wa kidato cha sita wangapi.