Kibali cha Mzee Boriti

Usiku, Mji Mkongwe, Unguja. Nyumba ya ghorofa tatu, familia sita, ngazi moja. Bomba la ghorofa ya pili linavuja.

MLANGO WA NAKSHI: Mzee Boriti, punguza kulia! Leo mchana watalii walinipiga picha, wewe ukawamwagia vumbi.

BORITI: Niwie radhi, Bi Mlango. Mkoko mie, nimebeba sakafu hii tangu enzi za masultani. Sasa maji yamenila. Kichwa changu humo ukutani kimekuwa unga.

PAKA: Nimetoka ofisini, mzee. Faili lako la kibali cha matengenezo li salama.

BORITI: Limesomwa?

PAKA: Nimelilalia tangu asubuhi, hakuna aliyenifukuza.

MLANGO: Limepungukiwa nini?

PAKA: Barua ya sheha imo. Michoro imo. Inasubiriwa sahihi ya mwenye nyumba.

BORITI: Naye ni nani?

PAKA: Hapo ndipo penye kazi. Wapangaji wanasema nyumba ni ya wakfu, watengeneze wenyewe. Wakfu wanasema bomba wamelivunja wapangaji. Kwenye kodi kila mtu ana risiti. Kwenye uvujaji kila mtu mgeni.

MLANGO: Mbona mimi nilipong'oka msumari mmoja wa shaba walikuja watatu na kamera?

PAKA: Wewe uko barabarani, bibi. Mji huu ni Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000. Boriti haitazamwi mpaka ianguke.

(Mfuko wa saruji unaingizwa uani, umefunikwa kanga.)

SARUJI: Hodi! Semeni polepole, sina kibali.

BORITI: Ole wangu! Ukuta huu ni mawe ya matumbawe na chokaa. Chokaa huuachia unyevu utoke. Ukipigwa lipu wewe, maji yatafungiwa humu humu, yanimalize.

SARUJI: Nalijua hilo, mzee. Kwani chokaa yuko wapi?

PAKA: Yuko foleni, anangoja muhuri.

SARUJI: Basi msinilaumu. Mwenye haki yake anaambiwa njoo Jumatatu, mie nimeletwa kwa mkokoteni, na fundi keshalipwa.

BORITI: Jumba la Beit al-Ajaib lilipoporomoka upande mmoja, tarehe 25 Desemba 2020, watu wawili walikufa. Humu chini yangu wanalala watoto.

PAKA: Ukianguka, mzee, faili litakwenda mbio.

BORITI: Na sahihi ya mwenye nyumba?

PAKA: Kifusi hakiulizwi mwenyewe.