Barua ya Wazi kwa Kongresi ya Marekani, kwa Habari ya Mahindi Yanayonyweshwa Magari

Kwa Waheshimiwa Maseneta na Wawakilishi, Washington.

Waheshimiwa,

Ama baada ya salamu nyingi na taadhima inayostahili vyeo vyenu, mimi niandikaye waraka huu ni mtu wa mwambao wa Afrika Mashariki, mla ugali na mlipa nauli ya daladala, nisiye na kura katika uchaguzi wenu wala shamba katika nchi yenu, na kwa sababu hiyo hiyo nataraji kwamba pongezi zangu zitapokewa kuwa ni safi, zisizo na tamaa ndani yake. Ingawa tamaa kidogo imo, nami nitaidhihirisha mwishoni ili msije mkasema nimewahadaa.

Nawapongeza kwa ethanoli, ile pombe ya mahindi inayotiwa katika petroli. Wengi huisema vibaya, wakiwamo wataalamu wa kwenu, kwa kuwa huipima kama yapimwavyo mafuta: huuliza ina nguvu kiasi gani, wakaambiwa kwamba galoni yake ina nguvu za theluthi mbili tu za galoni ya petroli; huuliza hutoa moshi kiasi gani, hapo wakaanza kugombana. Naona wameshika mizani isiyo yake. Nimezifuata sheria zenu kwa utaratibu wa tarehe, na nimebaini kuwa tangu awali hapakuwapo gari lililokuwa likitafuta mafuta, bali palikuwapo mahindi yaliyokuwa yakitafuta kinywa.

Mwaka 1933, katika zama za Rais Franklin Roosevelt, bei za mazao zilipoporomoka hata mkulima akawa haoni faida ya kuvuna, mlipitisha sheria ya kumlipa ili asipande, na mwaka huo huo serikali ikanunua nguruwe wapatao milioni sita, wengi wao wachanga, ikawachinja ili nyama ipungue sokoni, hali ya kuwa mijini watu walikuwa wamepanga safu wakingojea mchuzi wa sadaka. Mahakama yenu Kuu ikaibatilisha sheria ile mwaka 1936. Mwaka 1938 mkaleta nyingine. Mwaka 1954 Rais Eisenhower akatia sahihi sheria ya kuipeleka ziada ng'ambo kwa jina la msaada, na hapo ndipo sisi tulipoingia katika kisa, kwani katika miaka ya sabini na themanini mahindi ya manjano yalishushwa katika bandari zetu, na watu wa Dar es Salaam, ambao hawapungukiwi na utani hata katika njaa, wakauita ugali wake ugali wa Yanga kwa rangi ya jezi za klabu ile ya kandanda. Siwalaumu kwa hayo. Tuliula, na aliyeshiba hana haki ya kulitukana gunia.

Walakini tumbo la mwanadamu lina kikomo, na tumbo la maskini, juu ya kuwa na kikomo, halina fedha. Gari halishibi, halichagui rangi ya nafaka, na, jambo lililo kubwa zaidi machoni pa mtunga sheria, laweza kuamriwa kunywa. Basi mwaka 1978 mkaisamehe petroli iliyotiwa sehemu moja katika kumi ya ethanoli senti nne za kodi kwa kila galoni, ambazo kwa galoni ya ethanoli yenyewe zilikuwa senti arubaini. Sababu iliyotajwa wakati ule ilikuwa mafuta ya Waarabu. Januari 1980, Rais Carter alipowazuilia Warusi nafaka kwa kuivamia Afghanistan, sababu ikawa kumliwaza mkulima aliyepotewa na mnunuzi. Mwaka 1990 sababu ikawa hewa safi, kwa kuwa petroli katika miji yenye moshi ilitakiwa iongezwe oksijeni. Na MTBE, dawa iliyokuwa ikishindana na ethanoli kwa kazi hiyo, ilipogunduliwa kuwa inapenya hata katika visima vya maji, ethanoli ikabaki haina mwenzake. Mwaka 2005 na 2007, katika utawala wa Rais George W. Bush, sababu zikaja mbili kwa pamoja, uhuru wa taifa na joto la dunia, na kiasi cha kunywewa kikaandikwa katika sheria: galoni bilioni 36 kwa mwaka ifikapo 2022, ambazo bilioni 15 katika hizo zingeweza kutokana na mahindi. Mwaka 2018 Marekani ikawashinda Warusi na Wasaudi kwa wingi wa mafuta ghafi, kwa hivyo uhuru uliokuwa ukitafutwa katika mabua ukapatikana chini ya miamba ya Texas na Dakota Kaskazini. Amri ikakaa pale pale ilipokuwa. Sasa nasikia kwamba sababu ni mafuta ya ndege. Nimeona sera nyingi zilizokufa kwa kukosa fedha ilhali sababu zake zilikuwa njema. Hii ndiyo ya kwanza kuiona ikizizika sababu zake zote, moja baada ya moja, na kuendelea kupokea mshahara.

Lakini katika sheria ile ya 2007 ipo sehemu ambayo, kwa ladha yangu, inazidi nyingine zote, nayo nitaikawilia kidogo kwa ruhusa yenu. Mliona kwamba mahindi peke yake yatazusha maneno, mkaamuru kwamba sehemu kubwa ya mafuta hayo itokane na nyasi, mabua na vipande vya miti: galoni milioni 100 mwaka 2010, milioni 250 mwaka 2011, milioni 500 mwaka 2012, na kuendelea kupanda hata zifike bilioni 16 mwaka 2022. Kasoro yake ilikuwa moja, nayo ni kwamba mafuta hayo hayakuwapo. Shirika lenu la Hifadhi ya Mazingira, kwa huruma, likayapunguza ya mwaka 2011 hadi milioni sita na ushei. Hata hayo hayakuonekana sokoni, na wenye viwanda vya kusafisha petroli wakatozwa dola zipatazo milioni saba kwa kosa la kutochanganya kitu ambacho hakuna aliyekuwa akikiuza. Babu zetu walitozwa kodi ya nyumba na Wajerumani, kisha kodi ya kichwa na Waingereza, wakanung'unika sana, na baadhi yao wakakimbilia porini. Illa nyumba ilikuwapo, na kichwa kilikuwapo. Haikumpitikia gavana yeyote wa kikoloni kumtoza mtu kodi ya ng'ombe ambaye bado hajazaliwa kwa hoja kwamba kumtoza kutamtia ng'ombe hima ya kuzaliwa. Mahakama ya rufani ya Washington, Januari 2013, ilikitangua kiwango cha mwaka 2012 kwa kusema kwamba kazi ya Shirika ilikuwa kukadiria yatakayopatikana, wala haikuwa kuyatamani; hukumu kavu, iliyotolewa na watu ambao bila shaka hawajapata kugombea kura Iowa.

Na kwa kuwa nimeitaja Iowa, niseme machache. Wapo wanaodai kwamba siri yote imo humo, katika jimbo la watu milioni tatu na kitu, la kwanza kwa mavuno ya mahindi, ambalo kwa karibu nusu karne lilikuwa ndilo linalofungua mchujo wa wagombea urais wa vyama vyote viwili. Bwana Al Gore, aliyeiokoa ethanoli kwa kura yake ya umakamu wa rais Seneti ilipogawanyika nusu kwa nusu mwaka 1994, alikiri mjini Athens mwaka 2010, alipokuwa hana tena cheo cha kuomba, kwamba mapenzi yake kwa wakulima wa Iowa yalichanganyika na nia yake ya kutaka urais. Marehemu Seneta John McCain, aliyeipinga ruzuku ile, alilipitia mbali jimbo hilo katika kampeni ya mwaka 2000. Ila Seneta Ted Cruz alikwenda huko mwaka 2016 akiipinga amri ya ethanoli waziwazi, gavana akawasihi watu wamshinde, nao wakampa ushindi. Jambo ambalo lingewafundisha wagombea kwamba mkulima wa Iowa ana fikra nyingine kichwani zaidi ya bua lake, lau wangekuwa na haja ya kufundishwa.

Nije katika hesabu, nami nitakwenda mbio. Busheli moja ya mahindi, yaani kilo 25 na kitu, hutoa galoni 2.8 hivi za ethanoli. Gari lenye tangi la galoni 15, likijazwa ethanoli tupu, lingemeza kwa mkupuo mmoja zaidi ya gunia moja na nusu la kilo 90. Kila mwaka viwanda vyenu hupokea zaidi ya theluthi ya mahindi yenu yote, busheli zinazopita bilioni tano, na Tanzania na Kenya zikivuna mwaka wa neema, mavuno yao yote kwa jumla hayafiki sehemu moja katika tano ya hayo. Insafu hainiruhusu kuficha kwamba theluthi moja hivi ya uzito wa nafaka hiyo hurudi kuwa machicha ya kulishia ng'ombe, wala kwamba sisi huku hupenda mahindi meupe, na hayo ya manjano aghalabu yangeliwa na mifugo. Lakini bei, tofauti na nafaka, haina rangi: Januari 2007 watu wa Mexico, ambao nao tortila zao ni za mahindi meupe, walijaa barabarani kwa ughali wake.

Wataalamu wakaongeza fitina. Mwaka 2008 walionyesha kwamba nafaka ikichomwa Iowa, mtu mwingine mbali na hapo hufyeka msitu ili aipande nyingine, na moshi wa msitu huo unapaswa kuhesabiwa. Mwaka 2022 wengine wakasema kwamba ethanoli ya mahindi, ikihesabiwa yote, haipungui petroli kwa uchafu, na huenda ikaizidi kwa asilimia 24 au zaidi. Wenye viwanda wakatoa hesabu zao zinazosema kinyume. Ninyi hamkupoteza wakati kuamua nani mkweli: katika sheria yenu ya kodi ya mwaka 2025 mliamuru kwamba, moshi wa mafuta hayo ukadiriwapo kwa ajili ya msamaha, ardhi iliyofyekwa kwingine isitiwe katika hesabu. Niliposoma kifungu hicho niliinamisha kichwa. Huku kwetu mwenye deni hutoroka. Hatujapata kumwona aliyeifuta namba yenyewe.

Sasa ile tamaa niliyoiahidi. Brazil ilipowashinda kwa kesi ya ruzuku za pamba katika Shirika la Biashara Duniani, na kuruhusiwa kulipiza, mlikuwa na hiari ya kupunguza malipo ya wakulima wenu. Mkaona heri, kuanzia mwaka 2010, kuwalipa na wakulima wa pamba wa Brazil pia, dola milioni 147 kwa mwaka, ili muendelee kuwalipa wa kwenu kwa amani, na mwaka 2014 mkamaliza shauri kwa milioni 300 nyingine. Benin, Burkina Faso, Mali na Chad walileta malalamiko yale yale ya pamba mwaka 2003, wakapewa mazungumzo, kwa kuwa hawakuwa na biashara ya kulipizia kisasi. Sisi walaji wa unga tuko katika daraja hiyo hiyo. Hata hivyo naomba, kwa unyenyekevu, tuingizwe katika daftari la Brazil, tulipwe kwa dola, au, ikiwa hazina imelemewa, kwa mahindi, na rangi hatutaiuliza.

Sitaraji jawabu la haraka. Najua kwamba sheria yenu ya kilimo ya mwaka 1949 haijafutwa hata leo, imelazwa tu, na kila mara mchelewapo kupitisha mpya hutishia kuamka na bei zake za zamani. Basi ombi langu nalo na lilazwe humo, pembeni yake, nami nitasubiri.

Wenu kwa utiifu,
Mla ugali wa mwambao